Je, Wajua? Gari Linapotoa Ushahidi

Je, wajua kwamba kisanduku kinachotunza kumbukumbu za ajali ya gari hakikubuniwa kwa ajili ya polisi? Kazi yake kubwa ni kuamua kama eabegi (mifuko ya hewa ya kinga) zifyatuke au zitulie. Uamuzi huo hupitishwa ndani ya milisekunde chache, na kompyuta iliyoupitisha huandika kilichotokea. Polisi, mawakili na kampuni za bima walikuja baadaye.

Ukifungua boneti kukitafuta, utachoka bure. Kwa kawaida kimefungwa kwa bolti sakafuni, katikati ya gari, chini ya gia au redio. Juu yake pana mshale unaoelekea mbele. Kikifungwa kinyume, vipima mshtuko vyake havitajua gari limegongwa upande gani.

Kumuita mlinzi huyu “kisanduku cheusi” ni kumvika kofia ya ndege. Cha ndege chenyewe hupakwa rangi ya chungwa, na hujaribiwa kwa moto wa nyuzi joto 1,100 za Selsiasi kwa saa nzima. Cha gari hakidaiwi kustahimili moto wala kuzama majini.

Je, wajua kinahifadhi nini? Nchini Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 2006 na kuanza kutumika kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2012 inataja mambo 15 ya lazima, ikiwa gari lina kirekodi cha aina hii. Yamo mwendo wa gari, breki kukanyagwa au kutokanyagwa, mafuta yalivyokanyagwa, mkanda wa dereva, na muda ambao eabegi zilifyatuka. Sauti hairekodiwi. Picha hairekodiwi.

Tarehe na saa pia si miongoni mwa mambo hayo 15, wala mahali. Basi mpelelezi atajuaje kwamba kumbukumbu ni ya ajali ya jana na si ya mwaka juzi? Kirekodi huhesabu mara ambazo swichi ya gari imewashwa: hesabu moja wakati wa ajali, nyingine wakati wa kusomwa. Tofauti ikiwa ndogo, tukio ni la karibuni. Ndiyo maana kila anayewasha swichi ya gari lililogongwa, hata kama anataka tu kushusha kioo, anachezea ushahidi.

Sekunde 5 kabla ya mgongano: hicho ndicho kipindi kinachotunzwa chini ya kanuni ile, tena kwa vipimo 2 tu kila sekunde. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 14 kati ya kipimo na kipimo. Dereva anaweza kugusa breki na kuiachia ndani ya mita hizo, na kirekodi kisione lolote. Desemba 2024 Marekani ilitangaza kanuni mpya: sekunde 20, vipimo 10 kila sekunde.

Je, wajua data hutolewaje? Njia nyepesi ni soketi iliyo chini ya usukani, ileile ambamo fundi huchomeka kompyuta yake taa ya injini inapowaka. Kifaa kinachojulikana zaidi kwa kazi hii kilianza kuuzwa mwaka 2000 na kampuni ya Vetronix, ambayo baadaye ilinunuliwa na Bosch. Gari likiwa limepondeka na umeme umekatika, mtaalamu hufuata kisanduku chenyewe: anang'oa plastiki za katikati, anaunganisha waya maalumu wa aina hiyo ya gari, kisha anakipa umeme kutoka nje. Hapa pupa ni hatari. Ndani ya kisanduku mna akiba ya umeme ya kufyatua eabegi hata betri ikikatika, kwa hiyo betri hutolewa kwanza, kisha watu husubiri. Na kisanduku chenye umeme hakipinduliwi wala kugongwagongwa. Kinaweza kudhani kimepata ajali nyingine na kuandika tukio ambalo halikuwapo.

Mgongano uliofyatua eabegi hufungiwa, haufutiki kwa matumizi ya kawaida. Kumbukumbu ya mgongano mdogo ambao haukuzifyatua inaweza kufutwa na ya mgongano mwingine. Gari likirudi barabarani, ushahidi huo unaweza kupotea hivi hivi.

Viongozi nao hawakusalimika. Mwaka 2007 Jon Corzine, gavana wa New Jersey, aliumia vibaya ndani ya Chevrolet Suburban iliyoendeshwa na askari. Kirekodi kilisema gari lilikuwa kwenye kilomita 146 kwa saa penye kikomo cha 105. Gavana hakuwa amefunga mkanda. Novemba 2011, naibu gavana wa Massachusetts, Tim Murray, alisema alikuwa ndani ya kikomo na amefunga mkanda. Kisanduku kilikataa yote mawili: kilomita 174 kwa saa, mkanda haujafungwa, breki haijaguswa. Akakiri kwamba huenda alisinzia.

Ajali ya mcheza gofu Tiger Woods ndiyo inayonifikirisha zaidi. Februari 2021, karibu na Los Angeles, gari lake lilifika kati ya kilomita 135 na 140 kwa saa penye kikomo cha 72, na hapakuwa na dalili ya breki. Yeye mwenyewe hakukumbuka kitu. Afisa wa polisi wa kaunti alisema huenda alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Huenda! Kirekodi hujua pedeli ilikwenda wapi. Aliyeikanyaga alikusudia nini, hicho hakijui.

Na hata mwendo si wa kumezwa mzima mzima. Aghalabu hukokotolewa kutokana na mzunguko wa magurudumu. Magurudumu yakijifunga kwa breki huku gari likiteleza, namba hushuka kuliko ukweli. Yakizunguka bure kwenye tope, hupanda. Mtaalamu mzuri hulinganisha namba na alama za matairi na mabati yaliyopondeka.

Wasafiri wa mabasi Tanzania wasichanganye kirekodi hiki na VTS, mfumo wa kufuatilia magari wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ile hufuatilia basi safari nzima na kutuma taarifa, pamoja na mahali lilipo. Kirekodi hakitumi kitu kwa mtu. Hukaa na siri yake mpaka aje wa kukichomeka waya.

Ni mali ya nani siri hiyo? Sheria ya Marekani ya mwaka 2015 inasema ni ya mwenye gari au aliyelikodi kwa mkataba. Wengine huhitaji ridhaa yake au amri ya mahakama, isipokuwa katika mazingira machache. Umoja wa Ulaya umelazimisha kirekodi kwenye magari madogo yote mapya tangu Julai 2024, lakini data haitakiwi kumtambulisha mwenye gari.

Wapo pia mafundi ambao kazi yao ni kufuta kumbukumbu ya ajali kwenye kompyuta ya eabegi ili itumike tena. Anayenunua gari la mtumba na aulize kama eabegi ziliwahi kufyatuka, kisha aitazame taa yake kwenye dashibodi: iwake swichi inapofunguliwa, halafu izime. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa.