Watwana wa Urusi na Uhuru wa Kulipia

Aprili 1861, katika kijiji cha Bezdna, mkoa wa Kazan nchini Urusi, mkulima aitwaye Anton Petrov alikaa nyumbani kwake akichambua kitabu kinene cha sheria mpya. Kusoma kwenyewe alijua kwa kuungaunga. Hata hivyo maelfu ya watu walimiminika kutoka vijiji vya jirani, wakaizunguka nyumba yake wasikie Tsar ameandika nini hasa. Petrov akawaonyesha sifuri zilizochapwa kitabuni: hizo, alisema, ndizo alama ya uhuru kamili, ila makabaila wameuficha. Askari walipokuja kumkamata, umati ukakataa kumtoa. Wakamiminiwa risasi. Makumi walikufa palepale, na siku chache baadaye Petrov naye akapigwa risasi kwa hukumu ya jeshi.

Sifuri zile hazikuwa na uhuru wowote ndani yake. Lakini shaka ya Petrov ilikuwa ya haki.

Sheria aliyoisoma ilitiwa saini na Tsar Alexander II tarehe 19 Februari mwaka huo, kwa kalenda ya Kirusi ya wakati ule. Iliwafungua watwana wapatao milioni 23, watu ambao kabaila aliweza kuwauza, kuwaozesha apendavyo, au kuwapeleka jeshini. Wengi walimlimia bwana siku tatu au zaidi kila wiki bila ujira. Tsar hakuamka siku moja akawahurumia. Urusi ilikuwa imeshindwa vita vya Crimea mwaka 1856, na mwaka huohuo Alexander aliwaonya makabaila wa Moscow kwamba ni heri utwana ufutwe kutoka juu kuliko kungoja ujifute wenyewe kutoka chini.

Basi mtwana akawa huru, ila shamba alilolima tangu enzi za babu yake likahesabiwa kuwa mali ya bwana, na alitakiwa alinunue. Serikali ilimlipa kabaila sehemu kubwa ya bei, kisha ikamdai mkulima asilimia 6 ya deni kila mwaka kwa miaka 49. Piga hesabu: aliyekopeshwa rubli 100 alitakiwa kurudisha rubli 294. Katika mikoa mingi yenye udongo mweusi wenye rutuba, kabaila alimega kipande cha shamba hilo akabaki nacho, mara nyingi malisho au njia ya kwenda mtoni, ili mkulima alazimike kukikodi. Deni lilikuwa la kijiji kizima. Mmoja akishindwa, wenzake walimlipia, kwa hiyo kijiji hakikuwa tayari kumwachia mtu aende mjini kutafuta kazi bila idhini. Minyororo ya bwana ilikatwa, ikafungwa ya deni.

Hata hivyo mageuzi hayakuishia shambani, na mengine yalileta nafuu ya kweli. Mwaka 1864 mabaraza ya wilaya na mikoa yalianzishwa, yakajenga shule na zahanati mahali ambapo mkulima hakuwahi kumwona daktari. Mwandishi Anton Chekhov, ambaye babu yake alikuwa mtwana aliyejinunulia uhuru, alitibu wanavijiji chini ya baraza kama hilo wakati wa kipindupindu cha 1892. Mahakama nazo zikawa wazi kwa umma, zikiwa na mawakili na wazee wa baraza walioamua kesi. Mwaka 1878 wazee hao walimwachia huru Vera Zasulich, mwanamke aliyempiga risasi gavana wa St. Petersburg. Serikali iliduwaa.

Tarehe 1 Machi 1881 bomu lilitupwa kwenye gari la farasi la Alexander huko St. Petersburg. Alitoka mzima, akasogea kuwatazama majeruhi, na bomu la pili likammaliza. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameridhia mpango wa kuwashirikisha wajumbe wa kuchaguliwa katika kutunga sheria. Mwanawe, Alexander III, aliutupa.

Deni la ardhi halikutupwa. Lilifutwa kwa amri ya Novemba 1905, baada ya wakulima kuchoma majumba ya makabaila katika mikoa mingi, na hata hapo vijiji vilitakiwa kulipa nusu kwa mwaka mmoja zaidi.