Utumbo nao hudhibiti sukari katika damu

UGONJWA wa kisukari unapotajwa, wengi hukumbuka kongosho na insulini. Ni wachache wanaofahamu kuwa utumbo, ambao aghalabu huchukuliwa kuwa njia ya kupitishia chakula tu, ndio huipasha kongosho habari kwamba sukari i njiani.

Uwezo huo ulianza kubainika mwaka wa 1902 jijini London, pale William Bayliss na Ernest Starling walipogundua sekretini, homoni ya utumbo inayosafiri kwa damu na kuichochea kongosho kutoa majimaji ya kusaga chakula.

Mnamo 1964, watafiti wa Uingereza na Marekani walithibitisha jambo la ajabu: sukari iliyopitia tumboni ilichochea insulini nyingi kuliko ile iliyotiwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Ilikuwa dhahiri kwamba utumbo ulikuwa na mchango wake.

Mchango huo hutokana hasa na homoni mbili. GIP hutolewa na sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, nayo GLP-1 hutoka zaidi sehemu ya chini na katika utumbo mpana. Mtu akila ugali, homoni hizi huihimiza kongosho kutoa insulini, lakini pale tu sukari inapopanda. Aidha, GLP-1 huzuia glukagoni, homoni inayoliamuru ini kumwaga sukari. Hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni. Na huuarifu ubongo kuwa mtu ameshiba.

Kwa wenye kisukari cha aina ya pili, msaada huu hufifia. Kuurejesha hakukuwa rahisi, kwa kuwa GLP-1 ya mwili huvunjwavunjwa na kimeng'enya katika muda wa dakika mbili hivi.

Suluhisho lilipatikana pasipotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari Mmarekani John Eng aligundua katika sumu ya mjusi wa jangwani kemikali inayofanana na GLP-1, ila hudumu zaidi. Dawa iliyotokana nayo, eksenatidi, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2005. Semaglutidi, inayodungwa mara moja kwa wiki, ilifuata mwaka wa 2017.

Hata hivyo, dawa hizi si mbadala wa insulini. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho yake haitoi insulini, akiiacha atahatarisha maisha yake. Vilevile, huweza kusababisha kichefuchefu, kutapika na kuhara.

Umaarufu wake katika kupunguza unene nao umewavutia walaghai. Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu semaglutidi bandia. Anayezihitaji hana budi kuandikiwa na daktari na kuzinunua katika duka la dawa lenye leseni. Utumbo hutoa homoni zake kwa kipimo. Sindano isiyojulikana itokako haina kipimo.