Nyota Tano Si Cheti cha Afya: Mambo ya Kutazama Kabla ya Kuagiza Chakula

Mombasa ni mji wa kula. Alfajiri kuna mahamri na mbaazi za nazi, adhuhuri kuna biriani na pilau, na jioni viazi karai, mishkaki na supu ya pweza. Kila mkaazi ana mahali anapopasifu, na siku hizi sifa hizo hazibaki barazani. Mtu hula, hupiga picha ya sahani, hutoa nyota tano kwa simu yake, na kesho yake watu wasiomjua wanafika kwa sababu ya neno lake.

Jambo hili lina faida. Mpishi wa kibanda cha Kisauni au Likoni asiye na pesa za tangazo hupata wateja kwa sifa ya mteja mmoja aliyeridhika. Lakini wanaosifu husimulia ladha, bei, ukubwa wa kipande cha nyama na ukarimu wa mhudumu. Ni nadra kusikia maji yalitoka wapi, mikono ilioshewa wapi, au wali ulikaa saa ngapi kabla ya kupakuliwa. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo haviharibu ladha. Chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikamlaza mtu hospitalini.

Bei kubwa pia si kinga. Mnamo Juni 2017, watu waliohudhuria kongamano la afya katika hoteli moja jijini Nairobi waliugua kipindupindu. Wengi wao walikuwa watu wanaojua ugonjwa huo vizuri, tena katika hoteli ya hadhi.

Kwa nini leseni hutolewa na kaunti

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouza chakula kwa umma, pamoja na leseni za vileo. Kifungu cha 46 nacho kinampa kila mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji, na kulindwa afya yake. Kwa hivyo mteja anayeuliza kuhusu usafi wa mkahawa hana ufidhuli. Anadai haki yake.

Maafisa wa afya ya umma, ambao wengi huwaita bwana afya, hukagua majengo na vyombo, huchukua sampuli za chakula, na wana mamlaka ya kuzuia chakula kibovu kisiuzwe. Hata hivyo, afisa hupita mara moja na kwenda zake. Mteja yupo pale kila siku. Akijua cha kutazama, anakuwa jicho la pili.

Tazama ukutani

Mahali panapouza chakula panapaswa kuwa na kibali cha biashara na leseni ya usafi ya kuuza chakula. Leseni huonyesha jina la biashara, mahali ilipo na muda wake wa kutumika. Soma tarehe. Leseni ya mwaka uliopita iliyowekwa kwenye fremu nzuri haina kazi.

Karatasi ya tatu ni cheti cha afya cha kila anayeshika chakula: mpishi, mhudumu, hata anayeosha vyombo. Cheti hiki hutolewa baada ya kupimwa na hupaswa kufanywa upya kila baada ya miezi sita. Sababu ni moja: mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo mwilini bila yeye mwenyewe kuhisi homa, akaviacha kwenye kila sahani anayoigusa. Mwajiri anayewapeleka wafanyakazi wake kupimwa anawalinda wateja na pia biashara yake.

Tazama mikono, maji na moto

Wakaazi wanajua shida ya maji mjini. Mikahawa mingi hununua maji ya mitungi yanayoletwa kwa mkokoteni, au hutumia maji ya kisima. Si kosa kufanya hivyo, ila maji hayo lazima yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kutumiwa kwa kunywa, kutengeneza sharubati au kuosha kachumbari. Kumbuka pia barafu. Baridi haiui vijidudu vyote. Maji machafu yakigandishwa hubaki machafu, na sharubati ya ukwaju ikitiwa barafu hiyo huharibika papo hapo.

Mahali pa kunawa pawe na maji yanayotiririka na sabuni. Beseni moja lililochovywa mikono na watu kumi halisafishi mtu. Tazama pia anayepokea pesa: kama mkono huohuo unashika noti kisha unashika chapati bila kunawa au kutumia koleo, umeshapata jibu.

Kuhusu moto, Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi kifike nyuzi 70 katikati, kinachongoja kuliwa kiwekwe juu ya nyuzi 60, na kilichobaki kihifadhiwe katika baridi isiyozidi nyuzi 5. Kilichopikwa kisiachwe wazi kwa zaidi ya saa mbili. Mteja hana kipimajoto, lakini ana macho. Wali uliopakuliwa kutoka sufuria inayofuka mvuke ni tofauti na wali uliopoa kaunta tangu asubuhi. Katika joto la pwani, mbaazi za tui na mchuzi wa samaki huchacha upesi. Na pilau iliyolala nje usiku mzima haitengenezwi na kupashwa moto, kwa sababu sumu inayoachwa na baadhi ya vijidudu vya wali hustahimili moto.

Kwa vibanda vya jioni, tazama mafuta na karatasi. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu na moshi, yametumika mara nyingi mno. Bajia na viazi visifungwe kwa gazeti au kurasa za daftari kuukuu, kwani wino huingia kwenye chakula chenye mafuta. Kibanda kidogo kinaweza kutimiza haya yote. Muuzaji anayekaanga mbele yako na kukupa chakula cha moto huenda akawa salama kuliko meza ndefu ya vyakula vilivyopoa.

Mikate na keki

Mkate uliofungwa kiwandani uwe na jina la mtengenezaji, uzito, tarehe ya mwisho ya kutumiwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Nambari iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi: andika SM, alama ya reli (#) na nambari yenyewe, kisha utume kwa 20023. Kwa mahamri na mkate wa sinia unaouzwa bila kufungwa, tazama kama vimefunikwa dhidi ya nzi na vumbi. Keki zenye krimu au maziwa zikae ndani ya friji, wala si dirishani juani hata zikipendeza.

Baa na vinywaji vya kuchanganywa

Katika hoteli na baa za pwani, wengi huagiza kinywaji kiitwacho dawa, kinachochanganya vodka, ndimu, asali na barafu. Kinywaji cha kuchanganywa kina hatari yake, kwa sababu asali na ndimu hufunika ladha ya pombe bandia. Mnamo Mei 2014, makumi ya Wakenya katika kaunti kadhaa walifariki baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipoteza uwezo wa kuona.

Mteja ana haki ya kuomba chupa aione kabla ya kumiminiwa. Chupa iwe na stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambayo huweza kuhakikiwa kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Anayeumwa kichwa vikali, kutapika au kuona ukungu baada ya kunywa asingoje "hangova" ipite. Dalili za methanoli huweza kuchelewa kwa saa nyingi, na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kuokoa macho na uhai. Aende hospitali mara moja. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na baa inayofanya hivyo inahatarisha leseni yake.

Ukiona kasoro

Anza kwa kumwambia mwenye mahali. Mara nyingi tatizo la sabuni au kifuniko humalizika hapohapo. Likiendelea, toa taarifa katika ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yako: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Taja mahali, siku, saa na ulichokiona. Taarifa ya namna hiyo humsaidia afisa kuliko malalamiko ya jumla.

Ukiugua, nenda kituo cha afya na umweleze mhudumu ulikula nini, wapi na lini. Waulize mliokula pamoja kama nao wanaumwa. Wagonjwa wawili wanaotaja mkahawa mmoja huwapa maafisa mahali pa kuanzia kabla ya mgonjwa wa ishirini kufika.

Na siku utakaposifu mkahawa kwenye simu yako, ongeza sentensi moja. Sema leseni ilikuwa ukutani, maji yalitiririka na chakula kilikuja cha moto. Sentensi hiyo humpa sifa anayestahili mpishi aliyegharimika kwa usafi, na humpa anayekusoma sababu nzuri zaidi ya kwenda kula pale.