Mtungo wa Kambare Watupu

Kikundi chetu cha mazingira hapa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam, kilikuwa kikikutana Jumamosi saa tatu asubuhi. Ilikuwa saa nzuri kwa mwalimu mstaafu, kwa mjumbe wa shina, na kwangu mimi katibu, maana karai langu la kukaangia samaki halipandi jikoni kabla ya saa nane. Mvuvi wa mshipi saa hiyo ilikuwa haimhusu. Yeye hufuata maji, na maji ya hori hili, linalopokea mito ya Kizinga na Mzinga kabla ya kutokea bandarini, huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Jumamosi moja ulimkuta kalala, nyingine yumo kwenye tope la mikoko hadi magotini. Halafu sisi kikaoni tulikuwa tukisema wavuvi hawaujali mto.

Nawafahamu kwa sababu ni wateja wangu, nami ni mteja wao. Hawana mtumbwi wala wavu; wana mshipi, chubwi, ndoana na kopo la nyungunyungu. Yuko mzee mmoja anayevua Kizinga upande wa juu, yasikofika maji ya chumvi. Akinikabidhi samaki hunipa na habari za mto, bila kuulizwa. "Mama, leo kambare watupu. Perege nimewaona juu juu, wanatweta."

Sentensi hiyo ina elimu nyingi. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya nje. Perege hutegemea oksijeni iliyoyeyuka majini. Maji ya vyoo yakifunguliwa mtoni, vijidudu vinavyoozesha uchafu huo huitumia oksijeni yote. Perege hupanda juu kutweta, kisha huelea wamekufa, na kambare hubaki akijipitia. Mtungo mmoja si ushahidi, kwa sababu nyungunyungu aliyelazwa chini humvutia kambare zaidi. Lakini mtu yule yule, mahali pale pale, chambo kile kile, wiki baada ya wiki, akianza kukosa perege, hicho ni kipimo. Na Kizinga si mto wa samaki tu. Mtambo wa maji wa Mtoni huchota humo humo.

Mtu wa namna hii sheria zetu zinampita pembeni. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inavitambua vikundi vya BMU, vya kusimamia fukwe na uvuvi wake, lakini hivyo vimejengwa kuzunguka diko, penye vyombo na mnada. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, ila mwenye ndoana hachoti hata ndoo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za kingo. Yeye ndiye anayeona nani anachimba mchanga humo alfajiri, na hakuna anayemuuliza.

Uingereza walimuuliza. Tangu 2007 wavuvi wa ndoana wanafundishwa kukoroga kitanda cha mto kwa mguu, kukinga wadudu kwa kijiavu na kuhesabu makundi manane ya viumbe wadogo wasiovumilia uchafu. Hesabu ikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mamlaka ya mazingira hupigiwa simu. Kwetu msingi wa kazi hiyo upo: Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mwaka 2015 mfumo wa TARISS, unaoupa mto alama kwa kutazama wadudu na viumbe wadogo wanaoishi ndani yake. Haufai horini kwenye chumvi, na unahitaji mtu aliyefunzwa. Lakini anayejua kutafuta chambo chini ya majani yaliyooza tayari anawajua nusu ya viumbe hao kwa sura.

Sasa ratiba ya vikao naipanga kwa kufuata mwezi wa angani: tunakutana siku za maji mafu, jioni, kwenye benchi langu, si ofisi ya mtaa. Wavuvi wa mshipi sikuwaomba waje kuokota chupa. Niliwaomba sauti fupi ya WhatsApp: mahali, chambo, samaki gani, maji yana rangi gani, yananuka nini. Posho nilikataa, bando nikakubali, na bado tunabishana kuhusu hilo.

Ugumu wenyewe ni hofu. "Tukisema maji mabaya, nani atanunua samaki wetu?" kijana mmoja aliniuliza, na swali hilo linanigusa hata mimi mwenye karai. Wanaogopa pia kwamba ofisi itaona ni rahisi kufukuza ndoana kuliko kuziba bomba. Wakati huohuo wanaovua kwa vyandarua, wanaokomba hadi vifaranga, hupita usiku na hawaonekani.

Kwa hiyo tulikubaliana taarifa zitoke kwa jina la kikundi, zikitaja bomba au mfereji, si samaki wa mtu. Mzee yule aliongeza sharti lake: taarifa ikienda manispaa au bodi ya maji ya Wami/Ruvu, mimi katibu nimrudishie jibu yeye mwenyewe, hata kama jibu ni kwamba gari la kuwaleta wapimaji halina mafuta.