Kuchanganya Maji Ya Vepu Nyumbani: Arki Ya Keki Haikutengenezwa Kwa Ajili Ya Mapafu

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote, na Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Ama ba‘d,

Sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, zimeshajulikana kwa wazazi wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba yale maji yanayotiwa ndani yake mtu anaweza kuyachanganya mwenyewe chumbani, kwa chupa tatu nne na bomba la sindano. Kijana akiulizwa hujibu kwamba ni ladha tu, ya embe au ya vanila, wala si sigara. Na mzazi akinusa hasikii harufu ya tumbaku, basi huliacha jambo lipite.

Katika makala hii tutaeleza kilichomo ndani ya maji hayo, jinsi anayeanza anavyorekebisha ladha, mahali hatari ilipo, kisha tuje kwenye hukmu yake na yanayompasa mzazi kufanya.

Kilichomo Ndani Ya Chupa

Maji ya vepu hayana maji mengi. Sehemu kubwa ni vimiminika viwili: glisarini, ambayo ni nzito, tamu kidogo na ndiyo inayotoa wingu la mvuke, na propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi na ndiyo inayobeba ladha. Kitu cha tatu ni arki ya ladha. Cha nne ni nikotini, dawa ile ile iliyomo kwenye tumbaku na inayomfunga mtu asiweze kuacha.

Mchanganyiko huu hunyonywa na pamba iliyozungukwa na waya mdogo. Betri huupasha moto waya, kimiminika hugeuka mvuke, na mvuke huo huteremka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Hapo ndipo inapotofautiana na chakula, kwani chakula hupita tumboni na kwenye ini kabla ya kuingia katika damu, lakini mvuke hukutana na damu moja kwa moja, katika sehemu laini mno ya mwili.

Anayeanza Anavyorekebisha Ladha

Anayechanganya nyumbani hupima kwa asilimia. Kwa chupa ya mililita 30, akitaka arki iwe asilimia 15, hutia mililita 4.5. Akivuta akaona ladha ni hafifu, huongeza. Akiona haina utamu, hutia kitamutamu. Akiona inakwaruza koo, hupunguza kitu kimoja na kuzidisha kingine. Kwa hali hiyo huwa anafanya kama mpishi anayeonja mchuzi na kuongeza chumvi.

Lakini hapa kuonja kunadanganya, kwa sababu tatu.

Kwanza, mchanganyiko mpya haujakolea. Wanaoujua ufundi huu huuacha siku kadhaa, na baadhi ya ladha wiki kadhaa, kabla ya kuuhukumu. Anayeanza huonja papo hapo, akadhani arki ni kidogo, akaongeza. Ukija kukolea, huwa ameshazidisha.

Pili, pua huzoea. Mtu akivuta harufu moja siku nzima hufika mahali hasikii kitu, kama muuza udi asivyosikia tena harufu ya duka lake. Anayevuta hudhani ladha imekufa, naye huzidi kuongeza.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ulimi hupima utamu na ukali, lakini haupimi madhara. Mchanganyiko unaweza kuwa mtamu, laini kooni na wenye harufu nzuri, na huku unaunguza mapafu. Mpishi akikosea, mchuzi humwambia pale pale. Pafu hukaa kimya kwa miezi, na pengine miaka.

Salama Tumboni, Hatari Pafuni

Mwaka 2000 huko Jasper, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, iligundulika kwamba watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha bisi walikuwa na maradhi mabaya ya mapafu, ambayo njia ndogo za hewa huota makovu na kuziba, na makovu hayo hayaondoki. Wachunguzi wa serikali waliyafuatilia wakayahusisha na mvuke wa arki ya siagi iliyokuwa ikichanganywa kiwandani, na ndani yake mlikuwa na kemikali iitwayo diasetili. Kemikali hiyo imo kwa asili katika siagi tunayokula, nayo tumboni haikuwa na tatizo. Waliodhurika ni wale walioivuta.

Diasetili imepatikana katika maji mengi ya vepu yenye ladha ya siagi, maziwa, karameli na keki, na Uingereza imeipiga marufuku katika maji hayo. Lakini aliyeko nyumbani na chupa isiyo na maelezo hana njia ya kujua kama imo.

Basi chupa ikiandikwa kuwa ni salama kwa chakula, maana yake ni salama kuliwa. Hakuna aliyeipima kwa kuvutwa. Tena arki za kupikia mara nyingi huwa na sukari, rangi na mafuta. Sukari huungua kwenye waya ikatoa vitu vyenye madhara.

Viungo Vyetu Vya Visiwani

Wapo watakaosema: basi tutumie vya asili, tunavyo karafuu, mdalasini na habasoda. Hapa pia pana kosa.

Mafuta ya habasoda, ya nazi na mafuta yote ya kula yakivutwa hubaki ndani ya mapafu, na mwili hauwezi kuyaondoa kwa urahisi. Huweza kuleta homa ya mapafu ya aina yake inayosababishwa na mafuta. Habasoda imesifiwa na Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam), lakini sifa hiyo haimruhusu mtu kuyatia mafuta yake mahali ambapo Allaah Amepaumba kwa ajili ya hewa.

Karafuu ina eujenoli, ambayo hutia ganzi, na ndiyo sababu watu huiweka kwenye jino linalouma. Mvutaji akiitia katika vepu, koo lake hupata ganzi, akaona mvuke umekuwa laini. Ukweli ni kwamba ameizima kengele inayomtahadharisha. Karafuu imetiwa katika sigara za Indonesia zaidi ya miaka mia moja, na karafuu za Unguja na Pemba zilinunuliwa kwa wingi kwa kazi hiyo. Sigara hizo zina tumbaku na madhara yake yote, na Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2009.

Mdalasini nao, kemikali inayoupa harufu yake imeonekana katika uchunguzi wa maabara kuzidhoofisha nywele ndogo zinazosafisha njia za hewa.

Nikotini Na Mtoto Aliyemo Nyumbani

Anayechanganya mwenyewe hununua nikotini kali, mara nyingi ya miligramu 100 kwa kila mililita. Akitaka chupa yake ya mililita 30 iwe na nguvu ya miligramu 3, anahitaji mililita 0.9 tu. Akiisoma vibaya nukta akatia mililita 9, nguvu inakuwa miligramu 30, mara kumi ya aliyokusudia, na zaidi ya kiwango cha miligramu 20 ambacho nchi za Umoja wa Ulaya zimekiweka kuwa cha juu kabisa.

Sasa tuangalie kijiko cha chai. Kijiko kimoja cha nikotini hiyo kali kina miligramu 500. Mvutaji wa sigara hupata mwilini kiasi cha miligramu moja au mbili kwa sigara moja. Kijiko hicho basi ni sawa na mamia ya sigara kwa mara moja, tena katika chupa inayonukia embe. Disemba 2014, katika jimbo la New York, mtoto wa mwaka mmoja alifariki baada ya kumeza nikotini ya maji. Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria kwamba chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Chupa ya dawa au ya marashi iliyotumiwa tena nyumbani haina kifuniko kama hicho.

Nikotini hupita hata kwenye ngozi. Ikimwagika mkononi ioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni.

Pia tukumbuke yaliyotokea Marekani mwaka 2019. Watu 2,807 walilazwa hospitali au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na vepu, kwa hesabu iliyofungwa Februari 2020, na kati yao 68 walifariki. Wengi walitumia maji yenye bangi yaliyopatikana kwa njia zisizo rasmi, na kilichohusishwa zaidi ni mafuta ya vitamini E yaliyotiwa ili kuyafanya mazito. Vitamini hiyo hiyo watu huimeza na kujipaka bila ya tatizo.

Hukmu Yake

Vepu haikuwepo zama za Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) wala zama za Maimamu wanne. Hata tumbaku iliwafikia Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijri, na ‘Ulamaa wakakhitilafiana. Miongoni mwa Mashaafi‘iy, al-Qalyuubiy aliiharamisha. Miongoni mwa Mahanafi, ‘Abdul-Ghaniy an-Naabulsiy aliandika risala ya kuihalalisha. Khitilafu hiyo ilikuwa wakati madhara yake hayajadhihiri. Yalipothibiti kwa madaktari, ‘Ulamaa wengi wa zama zetu wameharamisha.

Kuhusu vepu yenyewe, Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia lilitoa hukmu ya uharamu Disemba 2015, na jumuiya ya Muhammadiyah ya Indonesia ikafanya hivyo Januari 2020.

Dalili zinazotegemewa ni: Aayah ya 195 ya Suratul-Baqarah inayokataza mtu kujitia katika maangamivu kwa mikono yake, Aayah ya 157 ya Suratul-A‘raaf inayotaja kuhalalishwa vizuri na kuharamishwa vibaya, na Hadiyth aliyoipokea Ibn Maajah na wengineo inayokataza kujidhuru na kudhuru wengine. Anayechanganya nyumbani anaingia katika pande zote mbili za Hadiyth hiyo: anajidhuru yeye, na anawaweka hatarini wadogo zake.

Yanafuata masuala mawili. La kwanza, swawm: mvuke huu ni kitu chenye kiwiliwili kinachoingizwa ndani kwa makusudi, hivyo unafunguza kama sigara. La pili, biashara: anayemchanganyia mwenzake kwa malipo anamsaidia katika madhara, na pato lake halina kheri.

Hoja Ya Anayetaka Kuacha Sigara

Tuwe waadilifu. Huduma ya afya ya Uingereza huwashauri watu wazima wanaovuta sigara kwamba vepu zilizokaguliwa zinaweza kuwasaidia kuacha, na kwamba madhara yake ni madogo kuliko ya sigara. Ndugu mwenye mtihani huo anaweza kuingia katika qaa‘idah ya kuchagua dhara jepesi kati ya mawili, kwa muda na kwa ushauri wa daktari. Lakini hoja hiyo haimhusu kijana ambaye hakuwahi kuvuta, wala haihusu mchanganyiko wa chumbani ambao hakuna aliyeukagua.

Yanayompasa Mzazi

Nchi jirani ya Uganda ilipiga marufuku uuzaji wa sigara za kielektroniki kwa sheria ya mwaka 2015. Tanzania Bara, shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, na aliyelisimamia tamko hilo ni Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa mkoani Lindi. Hata hivyo, serikali haiingii chumbani kwa mtoto wako. Awe yuko Wete, Mkoani au Kilindoni, au amevuka kwenda Nachingwea na Ruangwa kutafuta riziki pande za mto Mbwemkuru, chupa ni ile ile, na huko hospitali kubwa huwa mbali zaidi.

1. Muulize kwa upole anachovuta na nani anakichanganya. Ukianza na fimbo, ataficha chupa, na chupa iliyofichwa ndiyo anayoiokota mdogo wake.

2. Ukiiona nikotini ya maji, usiimwage ovyo wala usiiache jikoni. Vaa glavu, ifunge, na uulize kituo cha afya namna ya kuiondoa.

3. Zijue dalili za sumu yake: kutapika, jasho, mate mengi, uso kupauka, kutetemeka na degedege. Usimlazimishe mtu kutapika. Mpeleke hospitali haraka pamoja na chupa yenyewe.

4. Anayekohoa, kubanwa na kifua au kukosa pumzi baada ya kuvuta amwambie daktari waziwazi kwamba alivuta vepu. Akificha, atatibiwa maradhi mengine.

5. Aliyefungwa na nikotini asaidiwe kama mgonjwa: miadi ya daktari, shughuli, na rafiki wema. Siku za mwanzo ni nzito, kisha hupungua kwa idhini ya Allaah.

Kijana anayejua kupima asilimia na kusawazisha ladha ana kipaji. Muonyesheni pa kukitia: katika sharbati, katika halua, katika mafuta mazuri na udi, kazi ambazo wazee wetu wa visiwani walizipatia riziki ya halali na sifa njema.

Tunamuomba Allaah Awahifadhi watoto wetu na Awape afya wagonjwa wetu.

Na Allaah Anajua zaidi.