Mwana wa Kulea na Kimya cha Mume

Msomaji, Keroka ni mji mdogo uliokaa mpakani, upande huu Kisii na upande wa pili Nyamira. Nilikwenda huko kumzuru rafiki yangu mwalimu, nia yangu hasa ikiwa ni kuyaona mawe yanayochongwa Tabaka, wala sikuwaza habari za ndoa za watu. Jioni ya kwanza tulikuwa tukinywa chai, akaingia mtoto wa kiume wa miaka tisa na mzigo wa kuni, akatuamkia, akatoka. Mwenyeji wangu akaniinamia, akanambia kwa sauti ya chini, "Huyu hatukumzaa."

Kwa nini kwa sauti ya chini? Mkewe alisikia, akainuka akaenda zake jikoni.

Hawa walipita njia ya mahakama. Sheria ya Kenya yaruhusu mume na mke waombe pamoja, na yataka mtoto awe amekaa mikononi mwao miezi 3 mfululizo. Amri ikishatoka, huhesabiwa kama aliyezaliwa katika ndoa yao, na urithi anao. Karatasi zote zimo sandukuni. Lakini kwa desturi ya Wakisii mtoto ni wa yule aliyetoa ng'ombe wa mahari, na ardhi hufuata nyumba ya mama aliyetolewa ng'ombe hao. Zamani mwanamke asiyejaliwa mwana wa kiume aliweza hata kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenziwe, ili nyumba yake isikose mrithi. Basi mtoto aliyetoka mbali ndugu wa mume humtazama kwa jicho la shamba, na mashamba yenyewe yamegawanywa hata mengine hayafiki ekari 1.

Ndugu wakakaa kikao, wakasema yao. Mume akanyamaza.

"Mzee, hakuwajibu hata neno," mkewe alinambia kesho yake, akimenya ndizi. "Siku hiyo nilimchukua mtoto nikaenda kwetu." Miezi minne. Alirudi kwa ajili ya shule ya mtoto, si kwa ajili ya mume.

Sikuwa na la kumwambia, maana nami nina yangu. Sisi Waislamu hukumu twaijua: Surat al-Ahzab imeagiza mwana wa kulea aitwe kwa jina la babake, wala harithi kama wa damu. Ndiyo kafala, ambayo Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua. Zamani kabla ya sheria hiyo, tulipewa binti wa miezi sita, yatima wa jirani. Mke wangu akataka kadi ya kliniki iandikwe jina langu. Mimi, na chuo changu kichwani, nikamsomea aya. Aya ni ya haki. Aliyekosa ni msomaji. Yeye hakusikia hukumu, alisikia kuwa mtoto simtaki. Karibu mwaka mzima hatukuzungumza ila habari za unga na mafuta ya taa.

Dada yangu alikuwa ananyonyesha wakati huo. Akamnyonyesha yule binti mara tano na zaidi, nami nikawa mjomba wake wa kunyonya, hana haja ya kunikimbia akikua. Kisha nikaandika wasia ndani ya thuluthi, nikausoma mbele ya ndugu zangu wote, mke wangu nyuma ya pazia. Usiku ule ndipo aliponiuliza kama nimekula. Jina halikubadilika hata herufi. Na hawa wa Keroka jina walilipata, wakaumia vile vile!

Nilimhadithia mwalimu hayo yote. Hakunijibu.

Asubuhi ya safari, ndugu zake wawili walikuja kuniaga. Akamwita mtoto, akamsimamisha mbele yake, mikono mabegani, akasema nao kwa Kikisii maneno mengi nisiyoyafahamu. Mkewe alikuwa mlangoni na sufuria ya maji. Hakuitua mpaka mumewe alipokwisha kusema.