Breki kubwa: Zasimamisha gari au zamaliza mfuko?

UKIPITA Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi Jumamosi yoyote asubuhi, utawakuta vijana wameinama mbele ya maduka ya vipuri wakikagua vyuma ambavyo zamani mwenye gari la nyumbani hakuvijali hata kidogo. Kuna kalipa za breki za rangi ya dhahabu, nyekundu na buluu, kubwa kama mkate, na diski pana zilizotobolewa matundu kama chujio la chai. Vingi vimetolewa kwenye magari yenye injini za nguvu yaliyovunjwa huko Japani. Sasa vinangoja kufungwa kwenye gari la mtu anayetoka Umoja kwenda kazini Industrial Area na kurudi, tena kwa mwendo wa kobe kutokana na msongamano.

Mmoja wa vijana hao ni mpwa wangu. Ana Subaru Impreza ya kawaida, isiyo na tabo, aliyoinunua baada ya kujinyima kwa miaka minne. Mwezi Novemba alinijia na habari kwamba amepata kalipa za Brembo, aina ile inayofungwa kiwandani kwenye Impreza WRX STI. Alikuwa ametajiwa Sh90,000, diski na pedi zikiwemo. Mkononi alikuwa na Sh70,000, na bila shaka msomaji ameshafahamu kwa nini alinijia mimi.

"Mjomba, hili si pambo," akaniambia. "Desemba nitambeba nyanya na watoto hadi Narok. Unaujua ule mteremko wa Mai Mahiu. Nataka gari lisimame nikiliambia lisimame."

Ni mjomba gani atakayekataa kuchangia usalama wa mama yake mzazi? Hata hivyo, kabla ya kutia mkono mfukoni nilimwomba twende kwanza kwa fundi mmoja wa makamo ambaye amekuwa akishughulikia breki tangu enzi za Peugeot 504. Mzee huyo alimsikiliza kijana hadi akamaliza, kisha akazunguka gari mara moja bila kufungua boneti.

"Haya matairi umeyanunua lini?" akauliza.

Mpwa wangu hakujua. Yalikuja na gari. Fundi akachuchumaa, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi la mbele na kutuonyesha tarakimu nne: 0914. Maana yake ni kwamba tairi hilo lilitengenezwa katika wiki ya tisa ya mwaka 2014. Meno yake yalikuwa bado yanaonekana, lakini ukilibonyeza kwa ukucha ni kama unabonyeza soli ya kiatu cha zamani.

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Kwa kuwa ni jambo ambalo wengi wetu tunaoendesha magari hatujawahi kuelezwa, nitalieleza polepole.

Breki hazisimamishi gari. Breki husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni tairi kuishika barabara, na sehemu ya kila tairi inayogusa lami wakati wowote haizidi sana kiganja cha mkono. Ikiwa breki ulizo nazo zina nguvu ya kulifunga gurudumu lisizunguke, basi zimekwisha kufanya yote zinayoweza kufanya. Ukifunga breki zenye ukubwa maradufu, gurudumu litafungwa vilevile, na gari litaendelea kuteleza vilevile.

Magari mengi yanayoletwa nchini siku hizi yana mtambo wa ABS, ambao Bosch na Mercedes-Benz waliuanzisha mwaka 1978 ili magurudumu yasijifunge na dereva aweze kuendelea kupiga usukani. Mtambo huo unapofanya kazi, pedali hutetemeka chini ya kiatu. Fundi alimtaka kijana akajaribu.

Tulipata uwanja mpana wa lami Jumapili asubuhi, mwenyewe akaturuhusu. Mpwa wangu akaenda kasi ya kilomita 40 kwa saa, kisha akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Pedali ikagugumia, gari likainamisha pua na kusimama. Akarudia mara tatu, na mara zote pedali ikatetemeka. Kumbe breki zake ndogo, zile alizokuwa akizidharau, zilikuwa na nguvu kuliko matairi yake! Aliposhuka alikuwa amenuna kidogo.

Hesabu zenyewe si ngumu kwa mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia. Kwenye lami kavu na matairi mazuri, gari lililo kasi ya kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 12 kusimama tangu breki zishike. Likiwa kasi ya 100 huhitaji karibu mita 50, kwa maana kasi ikiongezeka mara mbili umbali huongezeka mara nne. Lami ikilowa, mita hizo 50 zaweza kufika 80. Na hapo hatujahesabu sekunde moja ambayo dereva huipoteza kabla ya mguu kufika kwenye pedali. Katika sekunde hiyo gari la kasi ya 100 hupita mita 28. Anayetazama simu hupoteza zaidi ya sekunde moja, na hakuna kalipa ya dhahabu itakayomrudishia.

Wapenzi wa Safari Rally, iliyorejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 na kufanyika Naivasha, huenda hawajui kwamba magari yale yana breki za namna mbili. Kwenye mashindano ya lami hufungwa diski za milimita 370. Yakija kwenye changarawe, kama yetu, diski huwa za milimita 300 tu. Wahandisi hao hawakosi pesa. Sababu mojawapo ni kwamba rimu za changarawe ni ndogo, na nyingine ni kwamba juu ya changarawe tairi haliwezi kushika kama linavyoshika lami, hivyo nguvu ya ziada ya breki haina pa kufanya kazi.

Je, breki kubwa ni ulaghai mtupu? La. Zina kazi yake, na kazi hiyo ni joto.

Gari la kilo 1,300 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati inayotosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya bomba. Unaposimama, karibu nishati hiyo yote huingia kwenye diski na pedi kwa sekunde chache. Mara moja si kitu. Lakini ukisimama mara kumi mfululizo, diski ndogo hukosa nafasi ya kupoa, pedi huanza kuteleza, na breki ambazo asubuhi zilikuwa kali huwa kama umekanyaga sifongo. Diski kubwa ina chuma kingi cha kulimeza joto hilo na uso mpana wa kulitoa. Ndiyo maana gari la Jaguar lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1953 likiwa na breki za diski liliushangaza ulimwengu: breki zake zilistahimili mzunguko baada ya mzunguko, wakati breki za ngoma za wenzake zilikuwa zikichoka.

Kwa hivyo anayeingiza gari lake mashindanoni, aliyeongeza nguvu za injini, au anayevuta trela lenye mzigo, huyo ana sababu ya kununua breki kubwa. Mtu wa Umoja na Industrial Area hana.

"Na Mai Mahiu je?" mpwa wangu akauliza. Lilikuwa swali zuri, na fundi hakulipuuza.

Mteremko ukilishusha gari lile la kilo 1,300 kwa kimo cha mita 400, nishati inayotakiwa kuondolewa ni sawa na kusimama kutoka kasi ya 100 mara kumi. Upepo na injini huchukua sehemu yake ikiwa dereva ataipa injini nafasi. Ukiingia gia ya pili au ya tatu tangu juu, injini yenyewe hulizuia gari, na breki hugusa mara mojamoja tu. Ukiondoa gia na kuliachia gari literemke bure ili kuokoa petroli, kazi yote huangukia breki. Madereva wa malori waliokuwa wakifanya hivyo kwenye mteremko wa Salgaa walilifanya jina la mahali hapo kuwa la kutisha katika kila nyumba nchini.

Kisha akafungua boneti na kutuonyesha kile ambacho wengi hatukitazami kamwe: mafuta ya breki. Yalikuwa meusi kama kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yale yanayoitwa DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango chaweza kushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Yakichemka huingia mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, gari linakwenda zake. Breki kubwa zenye mafuta mabovu haziwezi kukuokoa hapo. Kwa kawaida mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na gharama yake haizidi ya chakula cha familia hotelini siku ya sikukuu.

Kuhusu kuzifunga zile Brembo zenyewe, fundi alikuwa na mengi na nitayapitia haraka. Haziingii ndani ya rimu za inchi 15. Zinataka inchi 17, yaani rimu mpya na matairi mapya yenye ubavu mwembamba, ambayo mashimo ya mitaa yetu huyapasua. Bastola zake kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi kutoka kwenye pampu, hivyo pampu isipobadilishwa pedali huenda ndefu. Ukibadilisha za mbele pekee, unavuruga uwiano wa mbele na nyuma uliopimwa kiwandani, na umbali wa kusimama waweza hata kuongezeka. Kampuni ya bima nayo inafaa kuarifiwa. Na katika soko letu, ambamo vipuri bandia vimejaa, nani atakuhakikishia kwamba diski iliyopakwa mafuta ikang'aa haina ufa?

(Kwa haki ya mafundi wetu, niseme kwamba nimewahi kuabiri matatu ambayo utingo wake alishuka kila kituo na jiwe la kuzuia gurudumu. Hapo breki za ukubwa wowote zingepokelewa kwa vigelegele.)

Mpwa wangu alilala na mawazo yake siku mbili. Siku ya tatu alinunua matairi manne mapya kwa Sh38,000, baada ya kusoma tarakimu za kila moja. Pedi za mbele, za kawaida wala si zile za mashindano ambazo hazishiki zikiwa baridi, zilimgharimu Sh6,000. Mafuta mapya ya breki pamoja na kazi ya fundi, Sh3,500. Tulirudi kwenye ule uwanja. Safari hii gari lilisimama kabla ya mahali lilipokuwa likisimama awali, kwa umbali upatao urefu wa gari lenyewe, na breki zilikuwa zile zile.

Desemba tuliteremka Mai Mahiu nyuma ya lori la saruji, gia ya pili, watoto wakihesabu nyani kando ya barabara. Tulisimama karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na Waitaliano, wafungwa wa vita, mwaka 1942. Mpwa wangu akasogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Vuguvugu tu, na hapakuwa na harufu ya kuungua. Mama yangu alilalamika kwamba kijana anaendesha kama anayepeleka mayai sokoni.

Januari aliponitembelea, niliona kitu kinameremeta nyuma ya rimu zake za mbele nikashtuka. Alikuwa amenunua kopo la rangi isiyoungua na kupaka kalipa zake za zamani rangi ya dhahabu.